Mtaro Uliopita Zizini

Nilikuwa mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, katika kijiji kimoja karibu na Dutwa, miaka michache baada ya watu kuhamishwa kutoka kwenye miji yao na kupangwa kwa mistari kando ya barabara. Cheti changu kilikuwa cha darasa la saba tu. Asubuhi nilifundisha watoto kusoma, na jioni mratibu alikuja kwa baiskeli kutufundisha sisi namna ya kufundisha. Wenzetu waliopitia chuoni walituita walimu wa kuokoteza. Walisema kwa utani, lakini mtu anayetaniwa kila siku hufika mahali akaacha kucheka.

Mara tatu kwa wiki, watu wakisharudi kutoka shambani, nilikuwa na darasa la watu wazima ndani ya ghala la pamba la kijiji. Tulikaa juu ya magunia matupu na nywele zetu zilijaa nyuzi za pamba. Wanafunzi wangu wengi walikuwa akina mama wenye umri wa mama yangu. Mmoja wao alikuwa mjane mrefu, mkavu, mwenye sauti iliyozoea kuita ng'ombe kutoka mbali. Mume wake alifariki mwaka mmoja kabla ya kuhama. Binti zake walikuwa wameolewa upande wa Lalago, kwa hiyo aliishi peke yake, nyumba ya nne kutoka kwangu.

Ilimchukua miezi miwili kujua kuandika jina lake. Alikandamiza penseli mpaka karatasi ikatoboka. Siku alipofaulu aliangua kicheko, akainuka, akaenda nyumbani bila kuaga. Kesho yake nilipopita kwake nikakuta jina limeandikwa kwa mkaa ukutani, mlangoni, hata kwenye kibuyu cha maziwa. Mbele za watu aliniita mwalimu. Tukiwa wawili aliniita ng'wanone, mwanangu.

Mwaka huo ndipo ndege ilipokuja. Kwa siku kadhaa ilipita chini sana, huku na huko, kama mtu anayelima matuta, na ng'ombe walikata kamba. Wiki chache baadaye zikaingia Landrova mbili, zikifuata yale iliyoyapima kutoka angani. Katibu kata akaitisha mkutano, akamtambulisha mtaalamu wa serikali kutoka Dodoma, ambaye watu walimpachika jina la Bwana Madini siku hiyo hiyo, na mgeni mmoja Mzungu wa kampuni ya Ulaya, mtu wa makamo aliyeungua jua shingoni.

Walihitaji mkalimani. Bwana Madini alizungumza Kiswahili kizuri, ila wazee wengi pale walisikia Kisukuma tu. Mwalimu mkuu akanitoa mimi, maana mwalimu wa UPE akikosekana shule haianguki.

"Ndugu wananchi," Bwana Madini alisema, "kuna jiwe linaitwa urani. Likitiwa kwenye kinu linatoa joto. Joto linachemsha maji, mvuke unazungusha mashine, umeme unatoka. Kampuni ya ndugu huyu inatengeneza vinu vya aina mpya, ambavyo havijapata kuonekana. Serikali yetu imekubaliana nao. Sisi tunatoa ardhi, magari na wataalamu wetu. Wao wanatoa mashine na ujuzi, na vijana wetu watafundishwa."

Mzee mmoja akauliza kama umeme huo utafika kijijini. Bwana Madini akanigeukia. "Mwambie siwezi kuahidi. Kwanza lazima jiwe lipatikane."

Niliwatazama wale watu. Walikuwa wameacha palizi kuja kusikiliza. Nikasema kwa Kisukuma, "Anasema utafika, ila muwe na subira."

Watu wakapiga makofi. Bwana Madini alitabasamu, akidhani wanampigia kwa ukweli wake. Ule ulikuwa uongo wangu wa kwanza katika kazi ile, na sikuhisi kitu. Nilihisi nimesaidia.

Niliipenda kazi ile kupita kiasi. Nilipanda gari mbele. Bwana Madini alinifundisha kusoma mshale wa mashine ya kupima mionzi, kisanduku kilicholia tiki-tiki kama kuku akidonoa bati, na kuandika namba kwenye daftari la turubai. Aliniambia mambo ambayo hakuna aliyewahi kuniambia: kwamba jiwe linaweza kuwa linatoa kitu bila kuonekana, bila harufu, tangu dunia iumbwe. Siku moja tukiwa tunakula matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, chini ya kivuli cha gari, akasema mradi utachagua watu watatu wa wilaya kwenda kujifunza kazi ya maabara Dodoma, kwa gharama ya serikali na kampuni.

"Nataka watu wanaorahisisha kazi," alisema. "Wa kukwamisha tunao wengi."

Tangu siku ile nilianza kurahisisha. Mtu aliyenung'unika kwa maneno kumi nilimfupisha kuwa mawili. Aliyeuliza swali gumu nilimjibu mwenyewe.

Mashine ililia zaidi upande wa vilima vya mawe, mwendo wa saa moja kutoka kijijini, mahali palipobaki matongo. Matongo ni miji iliyohamwa: kuta zimeanguka, minyaa ya uzio imeota mwituni, na ardhi ya zizi la zamani ni nyeusi kuliko ya pembeni kwa sababu ya samadi ya miaka mingi. Mshale ulipanda tulipolikanyaga zizi moja, ukapanda zaidi kuelekea mawe. Bwana Madini akapigilia vigingi viwili, akavuta kamba na kumwaga chaki, akasema mtaro utapita hapa, kwenda juu, urefu wa kutosha, kina cha kifua cha mtu.

Zizi lile lilikuwa la yule mjane wa darasa langu. Nililijua.

Sheria ya wakati ule ilisema ardhi ni ya taifa, na wangeweza kuchimba bila kuuliza. Lakini Bwana Madini alikuwa na utaratibu wake. Alisema sehemu nyingine walikokwenda palitokea ugomvi mkubwa kwa sababu ya makaburi, kwa hiyo kila penye matongo alimtafuta mwenyewe, akamuuliza, akamwomba atie sahihi kwenye fomu iliyopigwa chapa. Nilimheshimu kwa hilo hata siku ile. Leo linanichoma zaidi.

Tulimkuta mjane akitandaza mtama kwenye mwamba. Akatuletea vigoda. Tukaamkiana, mwangaluka kwa mwangaluka, akaniuliza habari za shule, akauliza kama yule Mzungu anakula ugali. Bwana Madini akaeleza mahali anapotaka kuchimba, akasema, "Muulize kama kuna kaburi au kitu chochote cha kutuzuia."

Nikauliza sawasawa. Swali nililifikisha kama lilivyo, hilo naweza kuapa.

Mjane akaacha kutandaza mtama. "Yaya," alisema. Hapana. "Baba wa wanangu amelala katika zizi lile. Tulimzika pale kama wakubwa wote wanavyozikwa, kati ya ng'ombe wake. Jiwe hatukuweka, maana nani alijua tutaondolewa? Waambie wachimbe kule juu kwenye mawe. Zizini, yaya."

Bwana Madini alikuwa ananitazama. Mgeni wa kampuni alikuwa anatazama saa. Asubuhi ile, njiani, walikuwa wamezungumza kuhusu ofisa mkubwa anayekuja kutoka wizarani wiki inayofuata, na kwamba lazima aukute mtaro umechimbwa. Na mimi nilijiambia mambo mengi kwa muda mfupi sana. Kwamba mtaro utapita pembeni. Kwamba maiti haiumii. Kwamba tumehubiriwa kila siku redioni kuacha mambo ya kale. Hakuna hata moja nililoliamini. Nilichokiona mbele yangu kilikuwa chumba cheupe Dodoma, na mimi ndani yake nimevaa koti, na hakuna wa kuniita mwalimu wa kuokoteza.

"Anasema hakuna neno," nilisema. "Anaomba tu mkimaliza mfukie vizuri."

"Hilo ni haki yake," Bwana Madini akasema, akaliandika kwenye daftari. Kisha akanipa fomu.

Mjane akaniuliza, "Karatasi ya nini?"

Hapo ningeweza kugeuka. Nimelifikiria jambo hili kwa miaka mingi na bado naona mlango ulikuwa wazi. Nikamwambia kwa Kisukuma, "Ni ya kuonyesha kwamba umeulizwa na umekataa."

Uso wake ukafunguka. Katibu kata alikuwa amezoea kumletea wino wa dole gumba. Akajifuta mikono kwenye kanga, akaiweka karatasi juu ya kigoda, akaandika jina lake, herufi baada ya herufi, ulimi ukiwa umetoka pembeni ya mdomo kama mtoto wa darasa la kwanza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutia sahihi mahali popote. Akaniangalia nimsahihishe.

"Umekosea?" aliuliza.

"Hujakosea," nikasema.

Vibarua walitoka kijiji cha upande wa Kasoli, kwa hiyo hakuna aliyejua amekanyaga wapi. Walianzia juu kwenye mawe wakateremka. Mimi sikwenda. Nilisema nina mitihani ya kusahihisha. Siku ya tatu, adhuhuri, mjane alikwenda upande ule kutafuta kuni. Wanaume waliokuwepo walisimulia kwamba alisimama ukingoni akatazama ndani, akateremka mwenyewe bila kushikwa mkono, akaanza kuokota. Hakulia. Mmoja wao alipotaka kumsaidia alimwambia atoke katika nyumba ya watu.

Mifupa ilikuwa imeshatawanywa na majembe. Mingine ilikuwa imerushwa pamoja na udongo.

Bwana Madini alikuja shuleni mwenyewe, akaniita nje ya darasa. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Uliuliza kuhusu makaburi?"

"Niliuliza. Ulinisikia nikiuliza."

"Akasema nini?"

"Alisema hakuna."

Akavuta pumzi. "Labda alisahau. Wazee hawa wamehamishwa, wamechanganyikiwa."

Nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kukamfanya mwanamke yule kuwa mzee aliyesahau kaburi la mume wake.

Mradi ulitoa sanda na mfuko wa sukari kwa ajili ya matanga ya pili. Sukari wakati ule ilikuwa haionekani. Watu walikunywa uji wa chumvi. Mjane alipokea sanda. Sukari aliiacha mlangoni mpaka mwenyekiti wa kijiji akaja kuichukua. Wazee wa ukoo walizika walichokipata chini ya mti nyuma ya nyumba yake mpya. Nilihudhuria. Nilisimama na walimu wenzangu na nilichanga kama wengine.

Nilingoja aje kwangu. Nilitaka anitukane mbele ya watu, aniloge, lolote. Hakuja. Tukikutana kisimani aliniamkia na kuitikia inavyopasa, neno kwa neno, wala hakuongeza kitu. Hakuniita tena mwalimu wala mwanangu. Darasani pia aliacha kuja.

Alikuja mara moja tu, siku ya mtihani wa taifa wa kisomo, kwa sababu balozi wa nyumba kumi alipita kuhesabu watu. Nilikuwa nagawa karatasi. Nilipofika kwake nikamwekea penseli mbele. Akaisukuma pembeni kwa kidole, taratibu. Akaunyoosha mkono mpaka kwenye kikopo cha wino kilichokuwa juu ya meza yangu, akachovya dole gumba, akalikandamiza kwenye karatasi mahali pa jina. Kisha akaniangalia usoni kwa muda ule wote wino ulipokuwa unakauka.

Msimamizi aliyetoka Bariadi akauliza, "Huyu hajui hata kuandika jina lake?"

Nikaendelea kugawa karatasi. Kwenye orodha akaandikwa hajui.

Mwezi uliofuata jina langu lilitoka miongoni mwa wale watatu. Mwalimu mkuu alinisomea barua mbele ya shule nzima na watoto wakaimba. Mama yangu alichinja kuku. Nilipanda basi Dutwa na sanduku la bati, na kwa mara ya kwanza maishani nilifurahi kwamba naondoka mahali ambapo watu wananijua.

Dodoma nilifundishwa kukausha udongo, kusaga mawe, kuchekecha, kupima. Nilikuwa mzuri, walisema. Sampuli zilikuja kwa magunia kutoka mikoa mbalimbali. Siku moja likashushwa gunia lenye namba niliyoiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu kabla ya vibarua kuanza: namba ya mtaro ule. Nililifungua nikiwa peke yangu. Udongo ulikuwa mweusi, wa zizi, una chembe za samadi iliyokauka mpaka ikawa kama tumbaku. Ningeweza kumwambia mwenzangu alishughulikie. Niliona hiyo ingekuwa kukimbia tena. Nikausaga wote, sehemu kwa sehemu, nikaupima, nikaandika. Ilinibidi kurudia vipimo mara mbili. Mshale haukuonyesha kitu cha maana. Kilichokuwa kinaliza mashine kilitoka kwenye mawe ya juu, na huko nako kilikuwa kidogo mno kisichofaa kuchimbwa na mtu yeyote.

Kampuni haikukaa sana baada ya hapo. Tuliambiwa vile vinu vya aina mpya vimechelewa huko kwao, watu wao wameanza kuviogopa, na bei ya urani imeshuka. Mgeni wa kampuni alituaga sote kwa mkono akaenda. Mashine chache zikabaki kwetu, na sisi tuliofundishwa tukabaki na serikali tukipima madini mengine. Hivyo ndivyo nilivyopata kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu. Sina kazi nyingine ya kujivunia, na hiyo yenyewe naijua ilikotoka.

Mwaka uliofuata nilikutana na Bwana Madini kwenye ukumbi wa ofisi, amebeba ramani. Akaanza kukumbuka Dutwa, matobolwa, na ndege iliyotisha ng'ombe. Sijui kilichonipata. Nikamwambia.

Nilimwambia yote, nimesimama pale pale, watu wakitupita. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika, nadhani ningependa angekasirika.

"Lakini kwa nini hukusema?" aliuliza. "Tungeusogeza. Hatua ishirini tu upande wa kaskazini. Kwangu ingekuwa ni kuhamisha vigingi na kamba."

"Nilidhani utakosa mtaro kabla ya yule ofisa kufika."

"Ofisa hakufika," alisema. "Gari lake liliharibika Shinyanga. Hukumbuki?"

Sikukumbuka. Niliomba likizo siku hiyo hiyo.

Nilimkuta mjane nje ya nyumba yake akichambua pamba, safi upande huu na chafu upande ule. Alikuwa amezeeka kuzidi miaka iliyokuwa imepita. Nikapiga magoti kama binti anavyomwamkia mama. Akaitikia. Akanisogezea rundo, nami nikachambua mpaka rundo likafika nusu. Kisha nikasema.

Nilisema kwa Kisukuma, kwa sababu kwa Kiswahili ningepata maneno ya kujificha. Nilimwambia alivyosema yeye na nilivyosema mimi. Nilimwambia karatasi ilikuwa ya kukubali. Nilimwambia kwamba kwa watu wa serikali nilimfanya mzee aliyesahau.

"Karatasi niliijua," alisema. "Niliijua siku ile ndani ya shimo. Nikasema, kumbe mkono wangu ndio uliowaita." Akatoa mbegu iliyooza, akaitupa. "Hilo la kusahau sikulijua."

Nikalia. Hakunizuia wala hakunibembeleza.

"Ungewaambia nilivyosema," akauliza baadaye, "wangefanyaje?"

Nilitamani kusema wangechimba tu, kwamba serikali ni serikali. Angeniamini, na pengine angepata nafuu. Lakini nilikuwa nimeshamtafsiria vya kutosha.

"Wangesogeza hatua ishirini, mayu," nikasema, nikimwita mama.

Mikono yake ikasimama juu ya pamba. Aliangalia upande wa vilima. Nilimsikia akihesabu kwa sauti ndogo, hatua moja, mbili, tatu, akaendelea mpaka ishirini.

"Ni mpaka kwenye mnyaa tu," alisema.

Kesho yake asubuhi alinijia na majembe mawili. Hakusema tunakwenda wapi. Mtaro ulikuwa bado wazi; hakuna aliyeufukia, licha ya ombi nililomtungia mjane, lililoandikwa kwenye daftari la Bwana Madini. Mvua zilikuwa zimebomoa kingo, na chini mlikuwa na mifupa ya ndama aliyetumbukia. Tulianza pale zizini. Mkono wangu wa maabara ulitoka malengelenge kabla ya jua kupanda. Yeye alivuta udongo kidogo kidogo, bila haraka, akiuponda kila bonge kabla ya kuusukuma ndani, na mara nyingine aliinama akatazama kitu mkononi, akakiweka kwenye pindo la kanga. Sikuuliza ni nini.

Tulikwenda siku tatu. Siku ya tatu sehemu ya zizi ilikuwa imejaa na tumeishindilia kwa miguu. Mtaro wenyewe uliendelea kupanda hadi kwenye mawe, mrefu, na tulikuwa hatujafika hata robo. Nikashika jembe kuendelea.

"Acha," akasema.

"Likizo yangu bado ina siku nne, mayu."

"Acha, nimesema. Nenda kwenye kazi yako."

Akalichukua jembe mkononi mwangu, akayabeba yote mawili begani, akatangulia. Nilimfuata nyuma mpaka kijijini. Mlangoni kwake aliingia ndani, na sikukaribishwa. Nilisubiri kidogo pale nje, kisha nikaenda kwa mama yangu kufunga mzigo. Miaka miwili baadaye barua ilinifikia Dodoma kwamba amefariki, wiki tatu baada ya kuzikwa. Haikusema wamemzika wapi, zizini au chini ya ule mti nyuma ya nyumba, nami mpaka leo sijathubutu kumwuliza mtu.